Mhuri Wangu na Sauti ya Mama

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita niliishia pale barua ilipotua mezani kwangu, nikaisoma mara tatu nimesimama. Kama ndiyo kwanza unajiunga nasi leo, karibu, nafasi ipo. Ila usitegemee kucheka sana.

Kwa kifupi: mimi ni wakili. Si wa wezi wala wa talaka. Ni wakili wa hakimiliki na teknolojia, yaani watu wakigombania nani mwenye wazo, nani mwenye programu, nani mwenye jina la sabuni, ndipo wananitafuta. Mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake anatetea kompyuta. Nilimsahihisha mpaka nikachoka.

Nina mdogo wangu mmoja tu. Tunamwita Fundi tangu siku alipoifungua redio ya baba akashindwa kuirudishia. Miaka minne iliyopita nilimtafutia kazi kwenye kampuni inayotengeneza mitambo ya hospitali, ambayo ofisi yetu ndiyo inayoitetea. Mwaka mmoja baadaye mama akapigwa na kiharusi. Mguu ulipona, mkono wa kushoto ukapona. Ulimi haukurudi, wala vidole vya kushika kalamu.

Mimi nililia. Fundi hakulia. Alikusanya ujumbe wote wa sauti ambao mama aliwahi kumtumia kwenye simu, akajifungia chumbani kila jioni kwa miezi minane, akatoka na mashine ndogo yenye kioo. Mama anagonga herufi kwa kidole, mashine inasema. Inasema kwa sauti ya mama mwenyewe.

Tena kwa kuwa ujumbe mwingi ulikuwa wa kumgombeza Fundi, mashine ilijua kufoka kuliko kubembeleza. Hata "asante" ilitoka na ukali wake. Siku ya kwanza tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na mama akagonga: "Mnacheka nini, wajinga nyie?" Tukaanza upya.

Fundi akamwonyesha mwenzake kazini, kwa furaha tu. Wiki tatu baadaye barua ikaja. Ilisema mashine ni mali ya kampuni. Mashine, programu, na rekodi zote za sauti zilizomo ndani yake.

Sasa tuendelee.

Barua ile haikutoka mbali. Iliandikwa ghorofa moja juu ya kichwa changu, na sahihi ilikuwa ya bosi wangu.

Nilipanda ngazi mbilimbili. Nikamkuta anafuta miwani.

"Bosi, hii ni nini?"

"Umeisoma?"

"Nimeisoma. Yule ni mama yangu!"

"Mimi sidai mama yako, Wakili. Nadai mashine." Akavaa miwani, akafungua jalada. "Kifungu cha kumi na nne kinasemaje?"

Alikuwa ananikebehi. Kifungu hicho nilikiandika mimi. Kinasema kwamba chochote atakachobuni mfanyakazi, kazini au nyumbani, kwa vifaa vya kampuni au vyake mwenyewe, pamoja na vyote vilivyotumika kukitengeneza, ni mali ya kampuni. Hayo maneno "vyote vilivyotumika kukitengeneza" niliyaongeza baadaye, nikajipongeza kwa kikombe cha kahawa. Ofisini tulikiita Wavu. Kampuni nyingine tano zilikiomba.

"Kinafika mpaka nyumbani kwa mtu," nikasema. "Ndiyo maana tuliweka sharti. Hakina nguvu mpaka wakili wa pembeni, asiye wa upande wowote, amweleze mfanyakazi kabla hajaweka sahihi."

"Alielezwa."

"Na nani?"

Bosi akanisukumia ukurasa wa mwisho wa mkataba wa Fundi. "Hii sahihi ya nani? Huu mhuri wa nani?"

Mhuri ulikuwa wangu.

Wasomaji wangu, jambo hili nimelizunguka wiki tano nzima. Nimewaambia habari za masomo yangu, za ndoa yangu iliyovunjika, za kesi nilizoshinda. Hili sikulisema kwa sababu naona aibu. Leo nalisema.

Fundi alileta mkataba ule nyumbani kwa mama siku ya Jumapili. Mama, wakati huo bado anasema na dunia inamsikia, alikuwa mezani anakunja nguo. Mimi nilikuwa kwenye simu na mteja anayelia kwamba ameibiwa nembo yake ya biashara.

Fundi akanipungia karatasi. "Dada, kuna cha kuogopa humu?"

Nikaziba simu kwa kiganja. "Weka sahihi, bwana. Karatasi za kawaida hizo."

"Si umsomee mwenzio?" mama akasema.

"Mama, kurasa ishirini na mbili!"

Fundi akaweka sahihi. Nami nikatoa mhuri kwenye mkoba, nikaugonga kwenye cheti cha mwisho huku namwambia mteja wangu asilie. Cheti chenyewe kinasema: mimi wakili, nisiye na uhusiano na upande wowote, nimemsomea mfanyakazi mkataba huu kifungu kwa kifungu, naye ameuelewa.

Nisiye na uhusiano! Mimi, dada yake wa tumbo moja na wakili wa kampuni kwa wakati mmoja. Ulikuwa uongo mtupu kuanzia neno la kwanza.

Msidhani nilikuwa peke yangu. Vyeti vile ofisini tulivigonga kwa marundo, kumi kwa asubuhi moja, bila kuwaona hata sura waliotajwa humo. Kila wakili wa mikataba aliyezidiwa na kazi amewahi kufanya hivyo, na asiyekubali anajua moyoni mwake. Hatukuwahi kuulizwa. Ndiyo maana tuliendelea.

"Wiki ijayo utakuja mahakamani," bosi akasema. "Utasema mambo mawili. Mhuri ni wako, na ulimweleza. Dakika mbili tu, unarudi kazini."

"Na nikisema sikumweleza?"

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinikera kuliko barua.

"Basi umegonga cheti cha uongo. Leseni unaisahau. Tena si leseni tu, Wakili. Kughushi hati ni jinai. Umri wako huu unataka kwenda kulala kwenye sakafu ya saruji?"

Nilishuka ngazi, nikachukua mkoba wangu, picha ya mama na mhuri. Kalamu zao niliwaachia.

Jumamosi mchana nilikwenda nyumbani. Mama yuko kwenye kiti chake karibu na dirisha, mashine mapajani. Akanitazama toka juu mpaka chini, akaanza kugonga.

"Mbona umekonda? Huli?" mashine ikafoka.

"Nakula, mama."

"Uongo."

Fundi alikuwa sakafuni anakaza waya. Hakuinua kichwa. "Dada, mimi nimekutegemea wewe. Niambie tunatokaje hapa."

"Njia ipo."

"Nilijua tu! Mama, umesikia? Nilikwambia dada atapata njia."

Alivyofurahi, nilitamani niondoke. Lakini nikasema. Nikamwambia kwamba mkataba wake unaweza kuanguka, kwa sababu cheti ni cha uongo. Kwamba sikumsomea, na hilo nikilisema mbele ya jaji, Wavu unatoboka.

"Si kweli kwamba hukunisomea," akasema Fundi taratibu. "Uliniambia ni karatasi za kawaida. Maana yake wewe mwenyewe ulikuwa umeshazisoma. Au?"

"Sikuwa na haja ya kuzisoma. Niliziandika mimi."

Bisibisi ikatulia mkononi mwake.

"Uliziandika wewe?"

"Kifungu hicho, ndiyo. Mimi."

"Ulijua kimo humo. Ukaniambia weka sahihi."

"Fundi, sikufikiria kama wewe ungekuja kubuni kitu..."

"Hukufikiria kama mimi ningeweza." Akainuka. "Sawa, dada. Sema tu hivyo. Hukufikiria kama mimi ningeweza."

Akatoka. Mlango hakuubamiza, Fundi si mtu wa kubamiza milango. Nikabaki na mama, naye alikuwa amesikia kila kitu, maana masikio yake hayakuguswa na kiharusi hata kidogo.

Kidole chake kikaenda kwenye kioo. Kilichukua muda.

"Wewe mkubwa," mashine ikasema. "Utasema."

"Nikisema nitafungwa, mama."

Akatafuta herufi tena.

"Najua."

Sikumchukia mama siku ile, lakini nilikaribia. Ningependa aniambie, basi mwanangu, acha. Hakuniambia.

Jumatatu watu wa mahakama wakaja na amri. Mashine isitumike mpaka kesi iamuliwe. Walikuwa na adabu zao, wakavua viatu mlangoni. Wakaifunga kwa utepe mwekundu, wakabandika lakiri ya mahakama juu ya kioo, wakamrudishia mama mapajani kwa sababu amri ilisema isihamishwe nyumbani. Mmoja wao akamwomba radhi. Mama akainua kidole kumjibu, akagonga juu ya utepe. Aligonga sentensi nzima. Hatukuipata.

Fundi alikuwa amepata wakili mzee mwenye ofisi ya chumba kimoja, mtu wa kesi za mipaka ya mashamba, ambaye kompyuta yake imefunikwa kwa kitambaa. Nikaenda kumwona, nikamwambia yote. Akapiga meza kwa furaha.

"Dada, umenimalizia kesi! Nitakuuliza maswali matatu tu. Ulimsomea? Ulimweleza? Ulikuwa na uhusiano naye? Basi, kwisha kazi."

"Kwisha na mimi."

Akaona haya. "Na wewe pia, ndiyo. Pole sana."

Alhamisi, siku ya kesi. Shahidi haruhusiwi kukaa ndani kabla ya zamu yake, kwa hiyo Fundi aliingia kwanza, mimi nikakaa kwenye benchi la nje na mama mdogo. Fundi alinipita bila salamu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi upande mmoja.

Mama mdogo ni mtu ambaye kunyamaza kwake ni maradhi. Akanimiminia chai ya chupa, akaanza.

"Kunywa, mwanangu, una uso wa maiti. Dada yangu hajalala tangu Jumatatu. Anagonga tu kile kioo, anagonga weee, mpaka kidole kimevimba. Nimemwambia dada, kimefungwa, hakisikii. Ananitazama, anagonga."

"Mama mdogo, tafadhali."

"Haya, nimenyamaza." Akanywa chai. "Lakini yule bosi wako ni mstaarabu jamani. Juzi kaja mwenyewe kumjulia hali mgonjwa."

Kikombe kikanitoka mkononi.

"Alikuja nyumbani?"

"Alikuja! Na matunda. Akakaa na Fundi uani saa nzima, wawili tu. Fundi akarudi ndani kanywea, chakula hakukigusa. Nikamuuliza una nini, akasema, mama mdogo, hivi wanawake wanafungwa miaka mingapi kwa kughushi? Nikamwambia mimi nitajuaje, muulize dada yako. Kwani hakukuuliza?"

Nikasimama. Nilitaka kuingia ndani mle nipige kelele, lakini karani alikuwa ameshafungua mlango.

Jina langu likaitwa.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyokitarajia, na feni ilikuwa inagonga dari. Jaji alikuwa mama mtu mzima mwenye mafua, leso mkononi. Bosi yuko safu ya mbele. Aliyesimama kuitetea kampuni alikuwa binti niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, toka hajui kuandika barua ya madai mpaka akawa ananirekebisha. Alikuwa akiniita Mwalimu. Siku ile hakuniita kitu.

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa.

Nikala kiapo. Wakili mzee akainuka. Nikamsubiri na maswali yake matatu, majibu yakiwa mdomoni.

"Mheshimiwa," akasema. "Sina swali kwa shahidi huyu."

Akakaa. Nikamkodolea macho, hakunitazama.

"Huna swali hata moja?" jaji akauliza.

"Sina, Mheshimiwa. Baada ya ushahidi wa mteja wangu, sina."

"Mimi ninalo." Jaji akapenga kamasi, akafunua daftari lake. "Shahidi, nisikilize vizuri. Mdogo wako amesimama hapo ulipo, amekula kiapo hichohicho. Amesema kwamba ulimsomea mkataba wote, kifungu kwa kifungu, mezani kwa mama yenu, na kwamba kifungu cha kumi na nne ulikirudia mara mbili mpaka akaelewa. Ni kweli?"

Nikamgeukia Fundi.

Mpumbavu yule! Alikuwa amenikasirikia siku tano, hajanisemesha, hajapokea simu yangu. Kumbe alikuwa anajiandaa kuitoa sauti ya mama ili aniokoe mimi. Mtu ambaye tangu utoto hawezi kudanganya hata bei ya peremende bila masikio kuwa mekundu, amesimama mbele ya jaji akatunga habari nzima. Kifungu cha kumi na nne mara mbili! Alikaa usiku na mchana akikariri kifungu hicho kwa ajili yangu.

Fundi akainua uso. Midomo yake ikasema bila sauti: sema ndiyo.

Nikisema ndiyo, mashine inaondoka leo, na sauti yote ya mama pamoja nayo. Nikisema hapana, mimi ni mghushi, na yeye amesema uongo mbele ya mahakama chini ya kiapo. Sote wawili tunakwenda ndani. Nani atamlisha mama?

"Shahidi," jaji akasema. "Tunasubiri."

"Si kweli, Mheshimiwa," nikasema. "Sikumsomea hata mstari mmoja. Mhuri ni wangu, cheti ni cha uongo."

"Anaongopa!" Fundi akaruka juu. "Mheshimiwa, dada anaongopa! Alinisomea! Anataka kunisaidia tu, anaona huruma..."

"Kaa chini!"

"Alinisomea, wallahi alinisomea!"

"Fundi, nyamaza," nikamwambia.

"Nyamaza wewe! Umeshasema vya kutosha maisha yangu yote!"

Askari akamshika bega, akamkalisha. Bosi alikuwa anamnong'oneza yule binti kitu, na binti anaandika mbiombio.

Kisha jaji akasema polepole, "Mmoja kati yenu amenidanganya leo katika chumba hiki. Nitamjua. Siku hiyo, pale mezani, kulikuwa na mtu mwingine?"

Fundi akafumba macho.

Ningeweza kusema hapakuwa na mtu. Lakini nilikuwa nimeshachoka na uongo.

"Alikuwepo mama yetu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, Mheshimiwa. Ila hawezi kusema bila ile mashine."

Jaji akamgeukia karani. "Aletwe. Na mashine iletwe naye, lakiri ifunguliwe hapa mbele yangu."

Nikawaza mama anaingia mlango ule ameshikwa mkono, anawekwa mbele ya jaji, anaulizwa ni mtoto wake yupi mwongo. Nikawaza kile kidole kilichovimba. Nilijua atakachogonga. Mama hasemi uongo hata kwa ajili ya mtoto, na Fundi ndiye atakayeondoka na pingu.

Lakini yule binti alikuwa ameshasimama.

"Tunapinga, Mheshimiwa. Mashine haiwezi kutumika bila idhini ya mteja wangu. Sauti iliyomo ndani ni mali ya kampuni."

Watu wakaguna. Mama mdogo, ambaye sijui aliingia saa ngapi, akasema kwa nguvu, "Sauti ya dada yangu?"

"Kimya!" jaji akasema. "Wakili, unaniambia shahidi asiseme kwa sauti yake mwenyewe?"

"Sisemi mimi, Mheshimiwa. Ni mkataba. Vyote vilivyotumika kukitengeneza." Akameza mate. Nami nikamwonea huruma, jamani, hata saa ile. "Kama mahakama ina shaka, aliyekiandika kifungu yuko kizimbani. Aulizwe yeye kama sauti hiyo imo au haimo."

Jaji akaweka leso chini, akanigeukia.

"Umesikia swali. Imo?"

Fundi alikuwa ananitazama. Jibu la kweli nililijua: imo. Nikilisema, mama hataulizwa na Fundi hatavaa pingu, lakini sauti ya mama inakwenda. Nilikiandika kifungu kile kwa wiki mbili nzima, nikahakikisha hakuna kitu kitakachoweza kuponyoka.